Upepo Ndani ya Kofia: Fizikia ya Kunasa Sauti ya Mwendesha Pikipiki

Mwalimu wa udereva wa pikipiki hutaka maelezo yake yasikike vizuri kwa mwanafunzi anayemfuata nyuma. Mwandishi wa habari za redio hutaka kueleza hali ya barabara akiwa bado safarini. Mtafiti wa usafiri hutaka dereva wa bodaboda ataje kwa sauti kila hatari anayoiona, bila kuachia usukani ili aandike. Wote watatu hutia kipaza sauti kidogo ndani ya kofia ngumu, yaani helmeti, na wote watatu hupata tokeo lile lile: pikipiki ikisimama maneno husikika vema, ikifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa maneno humezwa na mngurumo mzito usio na mwanzo wala mwisho.

Watu wengi wakipatwa na tatizo hili hudhani kwamba chombo chao ni hafifu, nao hununua kingine cha bei kubwa zaidi. Wengine hutumaini kwamba programu ya kompyuta itaziondoa kelele hizo baadaye. Mara nyingi jitihada zote mbili huambulia patupu, kwa kuwa chanzo cha tatizo hakikufahamika. Makala hii inaeleza chanzo hicho, na jinsi fizikia ya kidato cha pili na cha tatu inavyotosha kuonyesha dawa yake. Mwishoni itaonekana pia kwamba kipaza sauti si kitu pekee kinachodhurika ndani ya kofia. Sikio la mwendeshaji limo humo humo.

SAUTI NA UPEPO SI KITU KIMOJA

Sauti husafiri hewani kwa njia ya mawimbi. Chembe za hewa hazitoki kinywani mwa msemaji zikafika sikioni mwa msikilizaji. Kila chembe hutikisika mahali pake, huisukuma jirani yake, kisha hurudi. Ni mfano wa watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji: ndoo hufika kwenye moto, lakini watu hawaondoki mahali pao. Upepo, kinyume chake, ni watu wenyewe kukimbia. Hewa yote huhama kutoka hapa kwenda pale.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika wimbi la sauti lenye badiliko la kanieneo la Paskali 1, ambayo ni sauti kubwa ya kutosha, chembe za hewa huenda na kurudi kwa kasi ipatayo milimita 2.5 tu kwa sekunde. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 50 kwa saa hukutana na hewa yenye kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde, yaani milimita 14,000. Upepo huo una kasi inayozidi mwendo wa chembe katika sauti kwa zaidi ya mara elfu tano. Tofauti hii ndiyo inayofanya kipaza sauti kishindwe, na tofauti hii hii, kama itakavyoonekana, ndiyo inayotupa njia ya kutenga upepo na sauti.

Ndani ya kila kipaza sauti kuna kiwambo, yaani utando mwembamba unaotikisika kanieneo ya hewa inapobadilika. Kiwambo hakina akili ya kutambua kama badiliko hilo limeletwa na sauti au limeletwa na upepo. Kikisukumwa, kinasogea; kikisogea, umeme hutoka. Kwa hiyo upepo unaokigonga moja kwa moja huandikwa kama kelele, ingawa mtu aliyesimama kando ya barabara hasikii kelele hiyo kabisa.

HESABU YA NGUVU ZINAZOSHINDANA

Kanieneo inayotokana na mwendo wa hewa hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa kwa kipeo cha pili cha kasi. Densiti ya hewa karibu na usawa wa bahari ni kama kilogramu 1.2 kwa mita ya ujazo. Kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde:

½ × 1.2 × 14 × 14 = Paskali 118, kwa kukadiria.

Kama upepo huo ungesukuma bila kubadilika hata kidogo, kiwambo kingeinama mara moja na kutulia, wala kelele isingekuwapo. Lakini hewa inayopita kwenye kofia, mabega na usukani haiendi sawasawa. Hujikunja na kuvurugika. Na ichukuliwe kwamba mabadiliko hayo ni sehemu moja tu ya kumi ya kanieneo yote, yaani Paskali 12.

Sasa ilinganishwe na sauti ya mtu. Mazungumzo ya kawaida yakisikilizwa umbali wa mita 1 yana kiasi cha desibeli 60, ambazo ni sawa na Paskali 0.02. Mabadiliko ya upepo yanaizidi sauti hiyo mara 600. Kipaza sauti kikisogezwa hadi sentimita 2 kutoka kinywani, umbali unapungua mara 50, na kanieneo ya sauti inaongezeka kwa kadiri hiyo hiyo, ikafikia karibu Paskali 1. Hata hapo upepo bado unaizidi sauti mara 12. Ndiyo maana kipaza sauti kilichoachwa wazi upeponi hakiwezi kunasa maneno, hata kiwe cha bei gani.

Katika hesabu hiyo limo pia jambo la kutia moyo. Kwa kuwa kanieneo ya upepo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kasi ya hewa karibu na kiwambo ikipunguzwa mara 10, kanieneo yake hupungua mara 100. Zile Paskali 12 hugeuka kuwa Paskali 0.12, nayo sauti ya Paskali 1 inakuwa mshindi. Kwa kipimo cha desibeli, ambamo kila desibeli 20 ni mara kumi ya kanieneo, hizo ni desibeli 40 zilizopatikana bila umeme wala kompyuta.

KWA NINI HEWA HUVUMA

Mtu aliyesimama pwani wakati wa kusi amewahi kusikia kamba za jahazi zikivuma. Na aliyepita chini ya nyaya za umeme siku ya upepo amesikia zikiimba. Mwaka 1878 mwanafizikia Vincenc Strouhal, mzaliwa wa Bohemia, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya nyaya zinazopita hewani kwa kasi. Aligundua kwamba idadi ya mitetemo kwa sekunde hutegemea mambo mawili: kasi ya hewa na unene wa waya. Kasi ikiongezeka, sauti hupanda. Unene ukiongezeka, sauti hushuka.

Sababu yake ni kwamba hewa ikikutana na kizuizi haikiviringi kwa utulivu. Nyuma ya kizuizi huzaliwa chamchela ndogo ndogo zinazobanduka kwa zamu, moja upande huu, nyingine upande wa pili. Kwa kizuizi cha mviringo kama waya au mwanzi, idadi ya kubanduka huko kwa sekunde hukadiriwa hivi:

Idadi ya mitetemo = 0.2 × kasi ya hewa ÷ kipenyo cha kizuizi.

Kipaza sauti chenye kipenyo cha sentimita 1 kikikutana na upepo wa mita 14 kwa sekunde kitazalisha mitetemo 0.2 × 14 ÷ 0.01 = 280 kwa sekunde, yaani Hezi 280. Hiyo ni katikati kabisa ya mitetemo ya sauti ya binadamu. Kipaza sauti hicho kikifunikwa kwa tufe la sponji lenye kipenyo cha sentimita 5, mitetemo hushuka hadi karibu Hezi 56. Huko chini hakuna maneno ya kuharibiwa, na kelele iliyobaki huweza kuchujwa kwa urahisi.

KELELE ZA AINA MBILI

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Ndani ya kofia kuna kelele za upepo za aina mbili, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Aina ya kwanza ni hiyo iliyokwisha kuelezwa: hewa inayogonga kiwambo chenyewe. Hii ni kelele ya mahali pamoja tu. Kipaza sauti kikihamishwa sentimita chache hadi penye hewa iliyotulia, kelele hiyo hutoweka.

Aina ya pili ni sauti ya kweli. Hewa inayovurugika kwenye ganda la kofia, kwenye matundu ya kupitishia hewa, pembezoni mwa kioo cha uso na chini ya kidevu, hulitikisa ganda na kuzalisha mawimbi ya sauti yanayoenea ndani kote. Mawimbi haya hupita kwenye sponji kama maneno yanavyopita, maana nayo ni sauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, katika taarifa yao ya mwaka 2011, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa kichwa cha sanamu kilichovishwa kofia na kuwekwa katika handaki la upepo, yaani mahali ambapo mashine hupuliza hewa kwa kasi iliyopimwa. Waliweka vipaza sauti sehemu mbalimbali za kofia na penye sikio, wakaona kwamba eneo la chini ya kofia, karibu na kidevu, ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya kelele zinazofika sikioni.

Basi kazi ya mtu anayetaka kunasa sauti ina sehemu mbili: kuzuia hewa isiguse kiwambo, na kupunguza sauti ya upepo inayozalishwa na kofia yenyewe, au kuifanya sauti ya maneno iizidi.

HATUA YA KWANZA: MAHALI

Mahali pa kuweka kipaza sauti hutangulia mambo mengine yote. Katika kofia inayofunika uso mzima, mahali pazuri ni upande wa ndani wa sehemu inayozunguka kidevu, mkabala na pembe ya mdomo, umbali wa sentimita 2 au 3. Kisiwekwe mbele ya mdomo hasa, kwa kuwa herufi kama p na b hutoa mfumko wa pumzi unaokigonga kiwambo. Neno "pikipiki" lenyewe, likisemwa kuelekea kipaza sauti, hukipuliza mara mbili. Pia kisiwekwe penye njia ya matundu ya hewa ya kofia.

Kila umbali kati ya mdomo na kipaza sauti unapopunguzwa nusu, sauti ya maneno huongezeka mara mbili, yaani desibeli 6. Kutoka sentimita 16 hadi 8, hadi 4, hadi 2, mtu hupata desibeli 18 bila gharama yoyote. Sauti ya upepo inayotoka kwenye ganda la kofia haiongezeki kwa kadiri hiyo, kwa sababu hutoka pande zote. Hii ndiyo silaha kuu dhidi ya kelele za aina ya pili.

Baada ya hapo, pengo la chini ya kidevu lizibwe. Kofia nyingine huja na kipande cha kitambaa kwa kazi hiyo. Pasipo nacho, skafu laini iliyozungushwa shingoni na kuchomekwa ndani ya koti husaidia. Isiachwe ikapeperuka, wala isibane pumzi hata kioo kikaingia ukungu. Kioo cha uso nacho kifungwe barabara. Kwa pikipiki yenye kioo cha mbele, mwendeshaji achunguze kama makali ya juu ya kioo hicho yanairusha hewa iliyovurugika moja kwa moja kwenye kofia. Mara nyingine kioo kirefu huongeza kelele badala ya kuzipunguza.

Kofia zisizofunika uso, ambazo huonekana sana kwenye vijiwe vya bodaboda, ni mtihani mgumu zaidi. Humo mdomo uko wazi kabisa, na kipaza sauti hukaa katikati ya upepo. Hapo hapana budi kutegemea sponji kubwa yenye manyoya, na matokeo hayawezi kulingana na ya kofia inayofunika uso.

HATUA YA PILI: SPONJI NA MANYOYA

Sponji ifaayo ni ile ambayo vitundu vyake vimeunganika, hata mtu akiweka kipande mdomoni aweze kupuliza pumzi ikapita. Upepo unapoingia ndani yake hulazimika kupenya katika maelfu ya njia nyembamba zilizopinda, ukisuguana na kuta zake mpaka uishiwe nguvu. Sauti haizuiliki kwa namna hiyo, kwa kuwa chembe zake huenda milimita chache tu kwa sekunde, na msuguano unaozipata ni mdogo. Isitoshe, wimbi la sauti la Hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34. Sponji ya sentimita chache ni kitu kidogo mbele yake.

Ukubwa wa sponji una faida nyingine. Chamchela zinazoigonga huongeza kanieneo upande huu na kuipunguza upande ule kwa wakati mmoja. Ndani, katikati ya sponji, mabadiliko hayo yanayopingana hufutana kwa sehemu. Kadiri sponji inavyokuwa pana, ndivyo kufutana huko kunavyokuwa kwingi. Kwa hiyo itumike sponji kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, na kipaza sauti kiwe katikati yake, si ukingoni.

Manyoya ya bandia yakivishwa juu ya sponji huongeza nafuu, kwa sababu nywele zake huivunja kasi ya hewa hatua kwa hatua badala ya kuikatiza ghafla penye uso mgumu. Mfuko wa plastiki, kwa upande mwingine, haufai. Ni kweli kwamba huzuia upepo, lakini hutetemeka wenyewe na kupiga kelele zake.

Katika yote haya usalama utangulie. Kofia isitobolewe, wala tabaka la ndani la polisterini lisikatwe ili kupata nafasi. Tabaka hilo ndilo linalofyonza nguvu ya mgongano, na likiondolewa hata kidogo kofia haitafanya kazi iliyokusudiwa. Kitu kigumu kisiwekwe kati ya kichwa na ganda. Waya upitishwe ukingoni na uwe wa kuchomoka kwa urahisi, na kinasa sauti kiwashwe kabla ya safari, si pikipiki ikiwa mwendoni.

HATUA YA TATU: AINA YA KIPAZA SAUTI

Vipo vipaza sauti vinavyopokea sauti kutoka pande zote kwa usawa, na vipo vinavyopendelea upande mmoja. Wengi hudhani kwamba hivi vya upande mmoja hufaa zaidi penye kelele. Kwa kelele za injini au za watu hilo ni kweli. Kwa upepo mara nyingi ni kinyume. Kipaza sauti cha upande mmoja hufanya kazi kwa kulinganisha kanieneo ya mbele na ya nyuma ya kiwambo. Sauti inayotoka mbali hufika pande zote mbili karibu sawa, ikajifuta. Mivurugiko ya upepo mbele na nyuma haifanani. Kwa hiyo haifutiki, bali huonekana kama tofauti kubwa, nacho chombo huiandika yote.

Kanuni ni hii: kama hewa karibu na mdomo haijatulia, kitumike kipaza sauti cha pande zote. Hewa ikishatulizwa kwa kofia iliyofungwa na sponji nzuri, ndipo kile cha upande mmoja kinapoweza kusaidia dhidi ya sauti ya ganda.

Kuna pia kipaza sauti cha kooni, ambacho marubani na askari wa vifaru walikitumia katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Hugusa ngozi ya koo na kupokea mtikisiko wake, bila kujali hewa ya nje. Upepo haukisumbui, lakini kina upungufu. Irabu huzaliwa kooni, ilhali sauti za s, sh na f huzaliwa kati ya ulimi, meno na midomo, nazo hazifiki kooni kwa nguvu. Msikilizaji wa kipaza sauti cha aina hiyo atapata shida kutofautisha "fika" na "shika". Katika maelekezo ya barabarani, kukosea huko si jambo dogo.

HATUA YA NNE: KICHUJIO, NA MAHALI PAKE

Kelele za upepo zina nguvu nyingi zaidi katika mitetemo ya chini. Maneno, kwa upande wake, huweza kueleweka hata mitetemo ya chini ikiondolewa: simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha kati ya Hezi 300 na 3,400 tu, na watu wakaelewana. Kwa hiyo kichujio kinachozuia mitetemo iliyo chini ya Hezi 150 hivi huondoa sehemu kubwa ya mngurumo bila kuyaharibu maneno.

Lakini kichujio kina mahali pake. Kila kikuza sauti kina kikomo cha juu. Ishara ikikizidi kikomo hicho, vilele vya mawimbi hukatwa, na kilichokatwa hakirudi tena. Mngurumo wa upepo ukikifikisha chombo kwenye kikomo, maneno yaliyopanda juu ya mngurumo huo hukatwa pamoja nao. Kuchuja baada ya hapo ni sawa na kuchuja maji yaliyokwisha kumwagika. Kichujio kinapaswa kuwa kabla ya kikuza sauti, na kiwango cha kunasia kiwe cha chini, ili hata upepo wa ghafla usifike kikomoni. Chombo chenye mtambo wa kujirekebisha chenyewe, kama inawezekana, mtambo huo uzimwe. Vinginevyo kila wimbi la upepo litashusha sauti yote, na maneno yatazama na kuibuka.

Programu za kompyuta za kupunguza kelele husaidia mwishoni, hasa kelele zikiwa tulivu na zisizobadilika. Upepo wa barabarani hubadilika kila sekunde. Programu huweza kusafisha kilichonaswa vizuri kiasi. Haiwezi kurejesha kisichonaswa.

SIKIO NALO LINA KIWAMBO

Yote yaliyosemwa juu ya kipaza sauti yanahusu pia sikio. Nalo lina kiwambo, nalo limo ndani ya kofia ile ile. Tofauti ni kwamba kipaza sauti kikiharibika hununuliwa kingine.

Vipimo vilivyofanywa Uingereza katika miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kelele zinazofika sikioni mwa mwendeshaji aliyevaa kofia hufikia zapata desibeli 90 katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na zapata 110 katika kilomita 160, kwa kipimo cha desibeli kinachofuata usikivu wa sikio. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, ilipendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwa siku katika desibeli 85, na kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka muda upunguzwe nusu. Kwa hesabu hiyo:

desibeli 85: saa 8;
desibeli 88: saa 4;
desibeli 91: saa 2;
desibeli 94: saa 1;
desibeli 97: dakika 30;
desibeli 100: dakika 15.

Dereva wa bodaboda anayezunguka mitaani polepole hayumo katika hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Yule anayekwenda barabara kuu kwa kilomita 60 kwa saa hufikisha kipimo cha siku nzima kwa muda upatao saa 2 na nusu, na mara nyingi hurudi tena barabarani jioni. Ulemavu wa usikivu unaotokana na kelele hauumi wala hautoi damu. Huja kidogo kidogo kwa miaka, huanzia kwenye sauti za juu, na chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Hatari huongezeka mtu anapotia vipokea sauti ndani ya kofia ili azungumze na mwenzake. Ili maneno yasikike juu ya upepo wa desibeli 90, huongeza sauti mpaka iuzidi upepo, na sikio hupokea vyote viwili. Kwa hiyo mpangilio ni ule ule: kwanza upepo utulizwe, kisha sauti iongezwe kwa kiasi.

Vizibo laini vya masikio, vikivaliwa sawasawa, huweza kupunguza desibeli 20 au zaidi. Wengi huviogopa kwa kudhani kwamba hawatasikia honi. Ukweli ni kwamba kizibo hupunguza upepo na honi kwa pamoja, na uwiano wa viwili hivyo haubadiliki sana. Honi iliyoweza kusikika juu ya upepo bila kizibo kwa kawaida husikika pia pakiwa na kizibo, ila vyote viwili huwa vimeshuka hadi kiwango ambacho sikio hukistahimili.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili lifanywe darasani kwa feni, si juu ya pikipiki. Vinahitajika: feni ya mezani, simu inayoweza kunasa sauti, vipande vya sponji ya godoro vya unene wa sentimita 1, 3 na 5, mfuko wa plastiki, na rula.

Simu iwekwe sentimita 50 mbele ya feni. Mwanafunzi mmoja asome sentensi moja ile ile kwa sauti isiyobadilika, mdomo ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye tundu la kipaza sauti, kisha 20, 10 na 5. Hatua hiyo irudiwe tundu likiwa limefunikwa kwa kila kipande cha sponji, halafu kwa mfuko wa plastiki. Mwishowe simu isogezwe kando, nje ya njia ya upepo, huku feni ikiendelea kuzunguka. Wanafunzi ambao hawakuwapo wakati wa kunasa wasikilize na kuandika maneno waliyoyaelewa. Idadi ya maneno sahihi ndiyo kipimo. Usomaji wa desibeli kwenye simu usitegemewe, kwa kuwa simu nyingi hujirekebisha zenyewe.

Darasa litaona kwamba simu ikitolewa kwenye njia ya upepo mngurumo hukatika, ingawa sauti ya feni yenyewe bado ipo. Hapo aina mbili za kelele zitakuwa zimetenganishwa mbele ya macho yao.

MASWALI

1. Waya wenye kipenyo cha milimita 4 unapigwa na upepo wa mita 8 kwa sekunde. Kadiria idadi ya mitetemo yake.

2. Kipaza sauti kimesogezwa kutoka sentimita 12 hadi sentimita 3 kutoka mdomoni. Sauti ya maneno imeongezeka kwa desibeli ngapi?

3. Mwendeshaji ameongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. Kanieneo ya upepo imeongezeka mara ngapi, na hizo ni desibeli ngapi? Linganisha na jibu la swali la 2.

4. Eleza kwa nini sponji haiwezi kuondoa sauti inayotoka kwenye ganda la kofia.

Majibu: 1. Hezi 400. 2. Desibeli 12. 3. Mara 4, yaani desibeli 12. Faida yote iliyopatikana kwa kusogeza kipaza sauti imeliwa na mwendo. 4. Kwa sababu hiyo ni sauti ya kweli, na sponji hupitisha sauti yoyote, iwe ya maneno au ya ganda.